Spana Chini ya Kitanda

Kazi ya nyumbani ya binti yangu ilikuwa na maswali matatu. La kwanza: taja teknolojia moja iliyobuniwa au kukuzwa katika kaunti yako. La pili: ilitatua tatizo gani? La tatu: zungumza na mzee mmoja anayeikumbuka. Binti ana miaka 10, yuko gradi ya tano. Karatasi ile aliniletea mezani saa tatu asubuhi, siku ya likizo fupi ya katikati ya muhula, dakika mbili kabla sijaingia kwenye mkutano wa video na wenzangu wa Nairobi.

"Baba, si wewe ndiye mtu wa teknolojia?"

"Andika M-Pesa."

"Mwalimu amesema ya Kwale. M-Pesa ni ya Kenya nzima."

Nikafikiri kidogo. Kwale tuna minazi. Tuna mahoteli ya Diani. Tuna mashimo ya madini ya titani, yaliyochimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, mchanga ukipita mbele ya milango yetu kwenda kupakiwa melini Likoni. Tuna mikoko ya Gazi. Lakini kitu kilichobuniwa? Hapa?

"Mwambie mwalimu Kwale hakuna," nikasema, nikavaa hedfoni.

Lazima nieleze kwamba mimi huandika programu kwa riziki. Nafanya kazi nyumbani Ukunda, kwenye meza inayopakana na jiko. Mwanangu wa kiume, miaka 4, ameshawahi kuingia kwenye mkutano wa watu 11 akiwa na bakuli la mbaazi na bila suruali. Mtaani naitwa Injinia. Naletewa king'amuzi kisichoonyesha, simu iliyoanguka chooni, na kila mwisho wa mwezi kuna mzee mmoja aliyesahau namba yake ya siri. Sina digrii ya uinjinia. Nimechoka kukanusha.

Jioni ile binti, aliyekuwa hajaridhika, akachukua simu ya mamake akampigia bibi yake Msambweni. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu. "Eti Baba anasema hakuna, Bibi." Kimya. Halafu akaweka simu kwenye spika.

"Muulize babako," sauti ya Mama ikajaa sebule, "kwani hii pampu yetu si teknolojia?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu pampu hiyo ilikuwa imekufa wiki sita na mimi nilikuwa najua. Suluhisho langu lilikuwa hili: kila Jumatatu na Alhamisi nilimtumia kijana wa boda boda pesa kwa simu, naye akampelekea Mama mitungi minne ya maji. Kutoka kwenye kiti changu cha Ukunda, nusu saa kwa matatu kama dereva hasimami kila mti, nilikuwa nimeshalitatua tatizo hilo. Sikuwa nimeuliza pampu ina nini.

Watoto walipolala, nikaitafuta hiyo pampu kwenye intaneti. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba nimekulia hatua arobaini kutoka kwenye kitu ambacho ningepaswa kukijua kabla ya kuijua kompyuta.

*

Turudi nyuma. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilizindua mpango mkuu wa maji wenye ahadi moja kubwa: ifikapo mwaka 2000, kila Mkenya awe na maji safi karibu na anapoishi. Ahadi za aina hiyo zilikuwa hewani dunia nzima. Umoja wa Mataifa ukaitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji ya kunywa na usafi. Pesa zikapatikana, mitambo ya kuchimba ikasambazwa.

Kuchimba kisima hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa juu yake. Pampu za mkono zilikuwa zimeshatapakaa Afrika na Asia, na nyingi zilikuwa zimenyamaza. Pampu ya miaka ile ilikuwa chuma tupu. Kipande kidogo cha mpira kikilika kule chini, lazima mabomba yote ya chuma yavutwe juu, moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilitaka lori, winchi na kikosi cha mafundi kutoka mjini. Lori likikosa mafuta, au likiwa wilaya nyingine, kijiji kinarudi kwenye dimbwi walilokuwa wakinywa kabla mradi haujaja. Hapo kipindupindu hakiko mbali.

Mwaka 1981 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia wakaanza mradi wa kuzipima pampu za mkono katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Nyingine zilipimwa maabara huko Uingereza. Nyingine zilipelekwa kwa watu wenyewe wazitumie mpaka zivunjike, wataalamu wakiandika kilichovunjika, baada ya muda gani, na nani aliweza kukitengeneza. Swali lao ukilitoa kwenye lugha ya ripoti lilikuwa rahisi: je, inawezekana pampu ikatengenezwa na walewale wanaoitumia, kijijini, bila lori?

Jibu lilianzia Malawi, ambako kilibuniwa kichwa cha pampu kilichoitwa Maldev. Kisha likahamia kwetu. Mwaka 1983 Pwani ya Kusini, Diani na Msambweni hizi hizi, ikawa uwanja wa majaribio. Wizara ya maji ilikuwemo, pesa za SIDA, shirika la misaada la Sweden, zikaingia, na shirika la Kenya liitwalo KWAHO likapewa kazi ya kukaa na wanavijiji. Pampu zikafungwa, zikavunjika, zikachorwa upya, zikafungwa tena. Iliyotoka mwisho wa safari hiyo inaitwa Afridev.

Kama umewahi kupita kijiji chochote kati ya hapa na Msumbiji, pengine umeshaiona: nguzo fupi ya chuma, kichwa cha mraba, mpini mrefu wenye kishikio mfano wa herufi T. Leo iko Malawi, Msumbiji, Ethiopia, hadi Pakistan. Hakuna bango hata moja Ukunda linalosema hivyo.

Mimi ni mtu wa programu, chuma huwa hakinisisimui. Lakini michoro ya Afridev ilinikalisha mpaka saa saba usiku. Bomba la maji ni la plastiki, na ni pana kiasi kwamba pistoni inapita ndani yake. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha mpira, unavuta fimbo za ndani tu, bomba lenyewe unaliacha pale pale ardhini. Fimbo zimeungana kwa kulabu na tundu, unazitenganisha kwa mikono. Vali ya chini kabisa, iliyo mita 20 au 30 chini ya miguu yako, inavuliwa kama samaki, kwa ncha ya fimbo zile zile. Bushi za mpini ni za plastiki na unazipachika kwa vidole. Kazi yote inataka spana moja.

Ukiwa unaandika programu, unajifunza kusoma uamuzi wa mtu mwingine ndani ya kazi yake. Hapa niliusoma wazi. Mtu aliyechora pampu ile alikuwa anamwazia mwanamke wa kijijini, mwenye spana moja na mchana mmoja, na chakula hakijapikwa.

Na hapo nikaikumbuka spana ya Mama.

*

Ilikuwa chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye kipande cha leso kuukuu. Sisi watoto tulijua kwamba ukiigusa unachapwa. Hatukujua kwa nini. Nyumba nyingine zina kitu chao kisichoguswa, ya kwetu ilikuwa spana.

Miaka yote nikiulizwa nilianzaje mambo ya kompyuta, nimekuwa nikisimulia habari za Baba. Baba alikuwa fundi umeme wa hoteli moja Diani. Alikuwa akirudi na redio zilizoungua, tunazifungua pamoja barazani, na ndiye aliyenifundisha kulehemu nikiwa na miaka 9. Ni kweli kabisa. Lakini katika simulizi hiyo, nimekuja kugundua, Mama yuko nyuma anapika.

Basi Jumamosi iliyofuata tukapanda matatu, mimi na binti na karatasi yake, kwenda kufanya mahojiano.

"Walikuja watu wa KWAHO," Mama akaanza, akiwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. "Kijiji kikaitwa chini ya mwembe. Wanaume wakakaa mbele, sisi nyuma. Mgeni mmoja akauliza: hapa nani anateka maji? Pakawa kimya. Halafu tukaanza kucheka huku nyuma. Ndipo akasema, basi wanaoteka ndio waje mbele."

Walitakiwa wanawake wawili wajifunze ufundi, na mwingine awe mshika fedha. Mzee mmoja akasema chuma si kazi ya mwanamke. Bibi mmoja, marehemu sasa, akamwuliza mtungi wa lita 20 kichwani, asubuhi na jioni, ni kazi ya nani? Mama alijitokeza kwa sababu, anasema, alichoka kukaa.

Mwaka ulikuwa 1986, Mama ana miaka 26, na mimi nilikuwa na miaka 2. Nilihudhuria mafunzo yote nikiwa mgongoni. Kwa hivyo, kama kuna mtu anauliza tena nilianzia wapi, jibu limebadilika.

"Bibi, uliogopa?" binti akauliza, penseli mkononi.

"Niliogopa kuangusha fimbo kisimani. Ikianguka, kijiji kizima kinakuangalia wewe."

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kitu nisichokijua: madaftari matatu ya shule, yamefungwa kwa kamba ya mkonge. Baada ya miaka kadhaa ya ufundi alikuwa amegeuka mshika fedha. Kila ukurasa una majina ya nyumba upande wa kushoto, miezi juu, na alama ya tiki au msalaba. Mwishoni mwa kila mwaka, hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. "Mpira wa pistoni." "Bushi 4." "Nauli Ukunda." Mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la tano, na hakuna hesabu hata moja iliyokosewa. Nilizikagua. Tabia ya kazi.

Ninaposema haya madaftari ni historia, sitanii. Chukua mwaka 1988. Kusini mwa Msambweni kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanza miaka ya 1920, mashine kubwa ya pwani hii. Mwaka huo kikafungwa. Watu wa vijijini hawakuwa na la kufanya ila kutazama: mtaji, vipuri na maamuzi vyote vilikuwa mbali nao. Mitambo ikabaki ikila kutu mpaka miwa ya Kwale ikaja kupata kiwanda kingine, zaidi ya miaka 20 baadaye. Nilimwomba Mama anifungulie 1988. Kuna majina mawili yamepigwa mstari, familia zilizohama kutafuta kazi. Chini yake: "Pampu nzima. Salio 140."

Sisemi pampu ni bora kuliko kiwanda. Pampu haiajiri mtu. Ila mashine ile ndogo ilikuwa na kitu ambacho kubwa haikuwa nacho: mtu wa hapo hapo aliyejua ndani yake mna nini.

Halafu tukafungua 1997. Wasomaji wengi hapa mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo niseme. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, kikundi chenye silaha kilivamia kituo cha polisi cha Likoni, karibu na feri. Kulikuwa na uchaguzi Desemba. Ghasia zikaendelea kwa wiki kadhaa, Likoni na Diani. Watu waliuawa, maelfu ya majirani zetu waliotoka bara wakafukuzwa majumbani mwao, watalii wakatoweka, mahoteli yakaanza kupunguza watu. Baba akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, na redio za kuungua zikaisha.

Katika daftari, Septemba hadi Desemba 1997, ukurasa ni misalaba mitupu. Nyumba 31, waliolipa sita. Jina la Baba lina msalaba pia. Mama alijiwekea mwenyewe.

"Na pampu ilikuwaje?" nikauliza.

"Mpira uliisha Novemba. Pesa ya kununua hakuna. Nikakata tyubu ya gurudumu la baiskeli ya babako."

"Ikashika?"

"Miezi minne. Baiskeli haikushika."

*

Kuna jambo moja kuhusu Afridev ambalo watu wa fani yangu watalipenda. Haina hataza. Michoro yake, vipimo vyake, kila bushi na kila mpira, viliachwa wazi kwa umma. Shirika la Uswisi liitwalo SKAT liliitunza michoro hiyo na kuichapisha, na karakana yoyote, iwe Nairobi au India, ina ruhusa ya kuitengeneza. Sisi tunaiita programu huria na tunadhani wazo hilo lilizaliwa na kompyuta. Hapa lilikuwa limezikwa ardhini, mita 30, huku nyanya zetu wakilisukuma kila asubuhi.

Hadithi ingekuwa tamu kama ningeishia hapa. Lakini si nimesema pampu ya Mama ilikuwa imekufa wiki sita?

Wazo la kijiji kujitengenezea lilikuwa zuri, na ndani yake mlikuwa na mtego. Ukishasema pampu ni ya kijiji, basi ikiharibika ni shida ya kijiji. Serikali imenawa mikono, mfadhili ameshapiga picha akaondoka. Wale wanawake waliofundishwa miaka ya 1980 walizeeka, wakaolewa kwingine, wakafa. Aliyewafundisha hakurudi kufundisha binti zao. Vipuri vikawa vinapatikana mbali. Na sisi watoto wa mafundi hao tulikwenda mjini kujifunza teknolojia.

Miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuja Kwale, wakazunguka wakizihesabu pampu moja moja. Walizipata zaidi ya 500, na nyingi zilikuwa hazitoi maji. Walipotaka kuelewa kwa nini kijiji hiki kinalipa na kile hakilipi, unajua waliomba nini? Madaftari. Hesabu za kamati za maji, nyingine za zaidi ya miaka 20, zilizoandikwa na washika fedha kama Mama. Katika waliyoyaona ni kwamba maji yakiwa ya chumvi, watu hulegea kulipa, na pwani yetu ina visima vya chumvi vingi. Mtu halipii kitu kinachoharibu chai yake.

Na mimi pia nina ukurasa wangu. Mwaka 2015, kijana na mwenye haraka, nilitengeneza programu ya simu ya kuripoti pampu mbovu. Unapiga picha, unabonyeza, ramani inaonyesha alama nyekundu. Niliionyesha kwenye shindano moja Mombasa na watu wakapiga makofi. Vijiji vitano vikajiunga, vikiwemo vya kina Mama. Baada ya miezi minane nikapata kazi nzuri, ada ya seva ikafika nikaisahau, na apu ikafa. Wanakijiji walituma picha mbili tatu, hawakujibiwa, wakaacha. Pampu waliyoikuta hapo ilikuwa na umri wa karibu miaka 30. Yangu ilidumu miezi minane, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na spana yake.

Nilikuwa sijawahi kumwambia Mama hivyo. Nilimwambia siku ile. Akasema, "Nilijua. Simu ilikuwa ikiniambia nijaribu tena baadaye."

*

Watafiti wale wa Oxford walifanya jambo lililonifundisha zaidi. Walichukua kifaa kidogo kinachohisi mwendo, mfano wa kile kinachoifanya simu yako ijue umeilaza, wakakificha ndani ya mpini wa pampu. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa kinahesabu, kisha kinatuma ujumbe mfupi kupitia mtandao wa simu. Mpini ukikaa kimya bila sababu, fundi anajua kuna tatizo kabla mtu hajapiga simu. Walianza Kyuso, Kitui, wakaja Kwale. Kule Kyuso, pampu iliyokuwa ikikaa takriban mwezi mzima bila kutengenezwa ikawa inatengenezwa chini ya siku tatu.

Lakini soma vizuri. Kilichofupisha siku hizo ni fundi mwenye pikipiki, vipuri na mshahara, aliyekuwa akisubiri ujumbe ule. Bila yeye, ujumbe ni kama alama zangu nyekundu kwenye ramani. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya FundiFix, Kwale na Kitui: jamii inalipa ada kila mwezi, pampu ikiharibika mafundi wanakuja, lengo likiwa siku tatu. Yaani waliligeuza lile wazo la mwanzo. Kijiji kinatoa mchango, lakini hakiachwi peke yake.

Halafu kuna hili. Mwaka 2017 baadhi yao walichapisha utafiti kutokana na pampu za Kwale, kwamba ule mtikisiko mdogo wa mpini, ukichambuliwa na kompyuta, unaweza kukadiria maji yako umbali gani chini ya ardhi. Nilimsomea Mama, nikitafsiri, nikiwa na furaha ya mtu aliyeleta habari mpya.

Akanitazama. "Maji yakishuka, mpini unakuwa mzito na unatetemeka mwingine. Kila mwanamke hapa anajua hilo."

"Sawa Mama, lakini kompyuta inaweza kujua pampu 300 kwa wakati mmoja."

Akafikiri. "Hiyo mimi siwezi," akasema. Tukasuluhishana hapo.

*

Tulikuwa tumebaki na swali la wiki sita. Mama akamkabidhi binti yangu spana, leso na yote. Mikono yake mwenyewe haikunji tena vizuri. Akabebewa kiti mpaka kisimani, akakaa, akaanza kutuamrisha.

Fungua kifuniko. Toa mpini. Shika fimbo ya kwanza, usiiachie, tia kidole hapo, sasa tundua kulabu. Mimi nilivuta, binti akapanga fimbo juu ya majani ya mnazi kama alivyoambiwa, zisiguse mchanga. Jirani mmoja, mama wa makamo, akaja kusaidia, halafu wawili, halafu watoto. Pistoni ilipotoka, mpira wake ulikuwa umelika mpaka umekuwa kama utepe. Kipuri chenyewe ni kidogo hivi kwamba kinaingia mfuko wa shati. Nilinunua Ukunda kwa pesa pungufu ya mitungi ya wiki moja niliyokuwa nikituma.

Sitaki kukwambia maji yalibubujika. Tulipachika, tukasukuma mara 10, mara 20, hakuna. Mara 30. Binti akaniangalia. Mama akasema endeleeni, maji yameshuka, yana safari ndefu. Yakaja ya kutu, kisha meupe, kidogo kidogo. Bushi mbili zilikuwa zimelegea na hatukuwa na nyingine.

Wanawake wakabaki pale kisimani wakizungumza. Sababu ya wiki sita ikatoka polepole: kila nyumba ilikuwa na mtoto wake mjini anayetuma pesa ya boda boda. Kila mmoja wetu, kutoka kwenye kiti chake, alikuwa amelitatua kwake. Michango ikasimama, kamati haikukutana tangu mwaka jana. Nilisimama pale na ndoo mkononi, nisijue niiweke wapi.

Nikajitolea kutengeneza apu ya michango. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mshika fedha mpya, msichana aliyemaliza kidato cha nne majuzi, akaniomba ninunue daftari. Lenye jalada gumu, akasema, haya mengine yanaliwa na mende.

Binti alipata alama 17 kwa 20. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba pampu hii haikubuniwa Kwale peke yake, Malawi nayo itajwe. Ana haki. Kwenye swali la pili, ilitatua tatizo gani, binti aliandika: "Kungoja lori."

Sasa kila tarehe 5 natuma mchango wa nyumba ya Mama kwa simu, na mshika fedha hunitumia picha ya ukurasa kwenye WhatsApp, jina letu likiwa na tiki. Mwezi uliopita chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti. Nilidhani ni yeye. Kumbe ni Mama.

"Bushi zimeanza kulia. Njoo Jumamosi, uje na mtoto. Spana anayo yeye."